Mama Alivyobebwa na Treni Dadar

Kilichotupeleka Mumbai ni moyo wa Baba. Valvu moja ilikuwa haifungi sawasawa, na madaktari wetu wakasema safari isicheleweshwe. Tukaondoka wanne mwezi wa Mei: Baba, Mama, kaka yangu na mimi. Siku kumi na nne za hospitali siziandiki hapa. Alipasuliwa, akazinduka, akauliza kama adhuhuri imeshapita, alhamdulillahi. Ninachotaka kuandika ni jioni moja ambayo mpaka leo ikinijia usiku huwa naamka nikakaa kitako kitandani.

Kwanza niseme tulivyopokelewa. Tulitoka uwanja wa ndege alfajiri, Baba akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kabla hatujajua tuangalie wapi, kijana mmoja alikwishapakia mabegi yetu kwenye gari lake. Akatudai rupia 1,800 mpaka gesti yetu pale Andheri. Ni zaidi ya shilingi elfu hamsini za kwetu. Tukalipa. Siku ya tatu kaka alikwenda uwanjani kufuatilia begi moja, akarudi kwa riksha yenye mita, njia ileile, na hakufikisha rupia 200. Iliniuma, na inaniuma bado. Mwenye mgonjwa habishani, na wenye magari wa pale wanalijua hilo. Gesti nayo rupia 3,200 kwa usiku, chumba hakina dirisha, kiyoyozi kinadondosha maji juu ya kitanda cha Mama, na maji ya moto yanakuja asubuhi tu. Tulipolalamika tukaletewa ndoo.

Nilisema riksha. Kwetu tunaiita bajaji, kwa jina la kampuni ya hukohuko India, lakini nilipomwambia mtu barabarani nataka bajaji alinitazama asielewe. Maneno mengine ndiyo yalitusaidia. Bili ya hospitali ilihesabiwa kwa laki, na Mama hakuhitaji kuelezwa laki ni kiasi gani. Rupia nayo haikuwa ngeni masikioni mwake, kwani Zanzibar ilitumia rupia hadi 1936 na bibi yetu aliyemzaa Mama alikuwa akihesabu kwa rupia katika hadithi zake zote za utotoni. Wazee wa Unguja hata jiji lenyewe bado wanaliita Bombei, ingawa jina lilibadilishwa 1995.

Ila hakuna neno lililonitayarisha kwa zile honi. Nyuma ya malori wenyewe wameandika kwa rangi nzuri kuomba wapigiwe honi, na kila mtu anawaitikia. Siku mbili za mwanzo nilikuwa nikivuka barabara nimefumba jicho moja, nimemshika Mama mkono kama mtoto. Yeye hakuogopa. Alikuwa akitazama juu, kwenye mabango ya filamu.

Mama amekulia Mji Mkongwe, na ujana wake uliishia kwenye kumbi za sinema za Majestic na Cine Afrique, kwenye maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao. Filamu za Kihindi, hakuna tafsiri, wanalia wote ukumbi mzima. Hajawahi kusoma Kihindi hata siku moja. Nyimbo anazijua kwa moyo, na maneno ya kilio anayajua zaidi ya maneno ya sokoni.

Siku ya nane Baba alitolewa chumba cha wagonjwa mahututi. Muuguzi akatuambia mimi na Mama tukapumzike, kaka atabaki. Mama akasema hataki kulala, anataka kunusa asumini. Wiki nzima pua yake ilikuwa na dawa ya kupigia deki tu. Dada anayesafisha gesti akatuelekeza Dadar, soko la maua lililo kando ya stesheni. Treni ya kawaida, rupia 10 kila mmoja, na hapo nikiri kuwa ni kitu pekee Mumbai ambacho bei yake ilinipendeza.

Lile soko sitalisahau. Maua ya manjano na ya rangi ya chungwa yamerundikwa kama mahindi, watu wanayakanyaga, wanayapima kwa kilo, wanayabeba kichwani kwenye vifurushi vikubwa kuliko wao. Na asumini, wao wanaiita mogra, ni ileile yetu, vikonyo vilevile. Mama aliinama, akaingiza uso wote kwenye kikapu cha mtu. Akanunua robo kilo kwa rupia 100, akafungiwa kwenye jani. Akaniambia, "Kwa hizi mwanangu ningesuka vikuba vya harusi nzima." Kikuba ni kile kishada cha asumini na majani ya rihani yanayonukia, pambo la wanawake wa pwani. Nilimwona anacheka kwa mara ya kwanza tangu Dar.

Tukachelewa. Tulipopanda jukwaani ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, wakati ofisi zote za kusini mwa jiji zimefunguliwa milango na watu wanarudi kaskazini. Treni hizi zinabeba abiria zaidi ya milioni sita kwa siku, na nilihisi kama wote wamekuja Dadar. Tulisimama palipoandikwa behewa la wanawake. Treni ikaja, nyingi kati yake hazifungwi milango, na kabla haijasimama wanawake waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusukuma huku wa ndani wakiruka nje. Mkono wa Mama ulikuwa ndani ya mkono wangu. Kisha haukuwamo. Nilimwona amenyanyuliwa na miili ya watu, miguu haigusi chini, buibui lake jeusi katikati ya sari za kila rangi, na uso wake umegeuka kunitafuta. Treni ikaondoka. Haikusimama hata nusu dakika.

Nilipiga kelele ya Kiswahili. Nilikimbia mpaka mwisho wa jukwaa. Simu ya Mama ilikuwa gesti, haikuwa na laini ya India. Ana miaka sitini na saba, ana kisukari, hajui Kiingereza, na jina la gesti yetu mimi mwenyewe nilikuwa nalisoma kwenye karatasi kila nikitaka kulitaja. Magoti yalinilegea, nikakaa chini palepale watu wakinipita kushoto na kulia.

Msichana mmoja mwenye begi la chuo mgongoni alichuchumaa mbele yangu. Akaniuliza kwa Kiingereza, nikamweleza. Hakuniambia pole. Aliniambia, "Usipande treni yoyote. Ukiondoka hapa atakosa pa kurudi." Akatazama ubao wa taa. Herufi S ni treni ya polepole inayosimama kila kituo, F ni ya haraka. Ile iliyomchukua Mama ilikuwa S. Akanihesabia kwa vidole: Matunga Road, Mahim, Bandra. "Hayuko mbali," akasema. Yeye ndiye aliyenishika bega mpaka simu yangu ilipoita.

Alikuwa kaka, na alikuwa amekasirika kiasi cha kutetemeka sauti. "Umemwacha wapi Mama? Kuna mwanamke ananipigia anasema yuko naye Mahim!"

Yaliyotokea ndani ya behewa niliyajua baadaye, kwa Mama mwenyewe, naye husimulia vizuri kuliko mimi. Alipoona stesheni imebaki nyuma alitafuta neno, na neno lililomjia lilikuwa la filamu. Akapaza sauti: "Meri beti kho gayi!" Yaani, binti yangu amepotea. Behewa zima likanyamaza. Wakamwuliza maswali, hakuelewa hata moja, akarudia lilelile huku akilia. Wakampisha akae. Kwenye benchi la watu watatu wao hukaa wanne, na hao wanne wakajibana akawa wa tano. Mmoja akafungua mkoba wa Mama kwa adabu, akaukuta ule mfuko wa plastiki wenye kadi ya hospitali ya mwenye kuuguza, na nambari ya kaka imeandikwa nyuma. Matunga Road walikuwa bado wanasomeana nambari. Mahim, mama mmoja mwenye sari ya kijani, aliyekuwa amekaa na safari yake ni mpaka Borivali, alinyanyuka, akamshika Mama kiuno, akashuka naye.

Naomba msomaji alitazame jambo hilo kama nilivyolitazama mimi. Kiti saa ile kwenye treni ile ni kama dhahabu. Borivali ni mbali, zaidi ya nusu saa. Alikuwa ametoka kazini, ana kibakuli chake cha chakula kitupu mkononi, na nyumbani pengine kuna watu wanamsubiri. Akashuka.

Yule msichana alinipeleka mpaka kwenye alama ya behewa, treni ya S ilipofika akanisukuma ndani kwa viganja viwili, na sikupata hata kumwuliza jina. Sauti ya kike ikatangaza vituo kwa lugha tatu. Mahim nilishuka nikiwa nimepoteza kiatu kimoja.

Walikuwa wamekaa kwenye benchi chini ya feni. Mama amekunja miguu, amefungua lile jani la asumini, na yule mama wa sari ya kijani alikuwa anayatunga maua kwa uzi, upesi sana, mafundo ambayo Mama alikuwa akiyakagua kwa makini kama mwalimu. Hawakuwa na lugha. Mama alikuwa akimwambia kwa Kiswahili kwamba kikuba bila rihani si kikuba, na yule anatikisa kichwa. Mama aliponiona hakunyanyuka. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye mguu ulio wazi, akasema, "Haya, umeonekana." Ndipo akaanza kulia upya, na mimi nikalia, na yule mama naye.

Nilitoa noti ya rupia 500. Aliusukuma mkono wangu kwa ukali. Mama akaingiza mkono kwenye mkoba akatoa kanga, ile aliyotandika kusalia hospitali siku zote zile, akamfunika nayo mabegani. Yule mama akaikunjua kuisoma. Maandishi ya Kiswahili hakuyajua, lakini pembeni kwenye pindo kuna herufi ndogo zinazosema imetengenezwa India, akaziwekea kidole, akatuonyesha. Treni ya Borivali ikafika, akapanda, na safari hii nilimwona amesimama mlangoni, ameshika bomba la juu, kanga mabegani.

Usiku ule Mama hakuzungumza sana. Alipomaliza kusali akasema, "Wangapi wa kwetu walivushwa bahari kuletwa huku wakilia, na hakuna aliyeshuka nao." Alikuwa anawataja watumwa. Mimi nilimkumbuka Sidi Mubarak, yule mtoto wa Kiyao aliyeuzwa utumwani akaletwa India, akarudi pwani yetu mtu mzima akiitwa Bombay, kwa jina la jiji hili hili, na katika safari iliyoanza 1857 akawa mmoja wa waliowaongoza Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, kuelekea Ziwa Tanganyika. Historia inamtaja kwa sababu ya Wazungu aliowatembeza. Mama yake alimlilia kwa maneno gani, haikuandikwa.

Sasa nipo Dar, na kila jioni napanda basi la mwendokasi Gerezani kwenda Kimara. Tunasukumana vilevile. Mkono wangu naujua, umewahi kumsukuma mzee ili niwahi kiti, na wala sikugeuka kumtazama. Tangu nirudi, mlango ukifunguliwa huwa namfikiria bibi wa Kihindi, hajui Kiswahili, amebebwa na watu akashushwa Manzese, mkononi ana maua yaliyofungwa kwenye jani. Natazama nyuso za tuliomo ndani, moja moja, namtafuta atakayeshuka naye. Siku nyingine namwona. Siku nyingine naona nimekaa mimi, na nimechoka, na Kimara bado mbali.

Baba anatembea mpaka msikitini na kurudi. Nambari ya yule mama wa sari ya kijani tulibaki nayo kwenye simu ya kaka, na Mama kila Ijumaa humtumia sauti: Kiswahili kwanza, kisha Kihindi chake cha filamu. Wiki iliyopita alijibiwa kwa picha. Kanga imetandikwa kitandani, na juu yake mkufu wa asumini uliotungwa kwa mafundo yaleyale. Mama ameikuza picha kwa vidole viwili, ametafuta rihani, hakuiona.