Tepu Zilizogoma Kuachiwa

Simu iliita saa nane na nusu usiku, tarehe 29 Juni, siku moja kabla ya kufunga mwaka wa fedha. Kijana wa zamu alinieleza kwa haraka: jobu ya kunakili akaunti kwenye kompyuta kuu imesimama, drivu ya tepu inaomba skrachi, na skrachi zimekwisha. Nilichukua bodaboda kutoka Tabata hadi Posta. Chumba cha mashine kilikuwa na baridi kama kawaida yake, na Mzee, operata wetu wa siku nyingi, alikuwa ameshafungua boksi la mwisho la tepu mpya, anazipa namba na kuziandikia lebo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hizi zitatufikisha alfajiri. Lakini kesho, mwanangu, utaniambia zile zilizojaa kwenye rafu zinafanya kazi gani."

Swali lake lilinichukua karibu miezi minne kulijibu.

Skrachi ni tepu ambayo mfumo umeihesabu kuwa huru kuandikwa upya. Sisi tulikuwa na rafu zilizojaa, na nilipochapisha orodha niliona kuwa tarehe za mwisho za tepu nyingi zilishapita, nyingine tangu miaka sita nyuma. Kila usiku EDGHSKP, programu ya usafi ya DFSMSrmm (RMM kwa kifupi), mfumo wa IBM wa kusimamia tepu, ilipita na kumaliza kazi bila kosa hata moja. Ripoti safi kila siku, na hazina ya skrachi inapungua kila siku. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: hakuna kilichokuwa kimeharibika. Mfumo ulikuwa unatii kanuni tulizouandikia wenyewe.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza ni tarehe ya mwisho inayowekwa tepu inapoandikwa. Ya pili ni WHILECATALOG, yaani dataseti, faili la data, itunzwe maadamu jina lake bado limo kwenye katalogi, daftari la mfumo linaloonyesha kila faili liko wapi. Tepu huachiwa pale kanuni zote mbili zinapoacha kuishikilia. Tarehe ikipita lakini jina likabaki kwenye katalogi, tepu inakaa. Ni kanuni nzuri, siilaumu, maana imetuokoa mara nyingi. Inachodai ni mtu wa kuiangalia katalogi, na kwetu kila mmoja alidhani katalogi inajisafisha yenyewe.

Kweli inajisafisha, ila kwa kundi la vizazi, GDG, yaani matoleo ya faili moja yanayofuatana, na kwa sharti moja. Kundi likiwa na kikomo cha vizazi 30, kizazi cha 31 kinapoandikishwa, kile cha zamani kuliko vyote hutolewa kwenye katalogi, na usiku unaofuata tepu yake huanza safari ya kuwa skrachi. Kizazi kipya ndicho kinachokisukuma cha zamani kitoke. Sasa fikiria jobu iliyositishwa. Mfumo wa mishahara ulibadilishwa, jobu ya zamani ikaondolewa kwenye ratiba, watu wakapongezana. Hakuna kizazi kipya kitakachozaliwa tena, kwa hiyo vile 30 vya mwisho havisukumwi na yeyote. Vitabaki kwenye katalogi milele, na tepu zake zitabaki rafuni milele. Nilipohesabu makundi ambayo hayajapata kizazi kipya kwa zaidi ya mwaka mmoja, nilikaa chini. Huko ndiko tepu zetu zilikokuwa zimezama.

Kulikuwa na jambo la pili lililoongeza uzito. Waliotutangulia walipenda kubana nafasi, wakawa wanapanga dataseti nyingi kwenye tepu moja. Faili moja dogo likishikiliwa, tepu nzima inashikiliwa. Nilikuta tepu yenye mafaili 40 ambayo 39 yameshakufa, na la arobaini ni orodha ya majaribio ya mtu aliyestaafu.

Nilianza na kazi ya kuchosha. Nilitoa orodha ya RMM upande mmoja na LISTCAT, orodha ya katalogi, upande wa pili, nikazilinganisha kwa jina na kwa namba ya tepu. Yalitokea mafungu matatu. Majina yaliyomo pande zote mbili na yanatumika, hayo niliyaacha. Yaliyomo pande zote mbili ila hayatumiki, hayo ndiyo yale ya jobu zilizokufa. Fungu la tatu ndilo lililonitia hofu: majina yaliyomo kwenye katalogi lakini tepu zake zilishaachiwa na kuandikwa kitu kingine.

Chanzo cha fungu hilo kilikuwa chaguo moja kwenye mipangilio, UNCATALOG, lililokuwa limewekwa N, yaani hapana, kwa miaka. Tepu inakuwa skrachi, jina linabaki kwenye katalogi likielekeza kwenye tepu ambayo si yake tena. Mtu akiomba data ile, operata anapachika tepu, mfumo unasoma HDR1, lebo yenye jina la faili ndani ya tepu, unakuta jina lingine na kuiua jobu kwa kosa la 813-04. Kwa miaka tulikuwa tukiziona hizo 813-04 na kumwambia mtumiaji amekosea jina. Hakukosea. Nilirudi kwa dada mmoja wa takwimu niliyewahi kumjibu hivyo, nikamwomba radhi.

Chaguo lile tulilibadilisha likawa Y, na majina yaliyobaki tukayafuta kwenye katalogi kwa programu ya IDCAMS, amri ya DELETE NOSCRATCH, kwa mafungu madogo madogo.

Kwa tepu za jobu zilizokufa sikutaka papara. EDGHSKP inaweza kuendeshwa kwa VERIFY: inapima kanuni zote na kuandika itakachofanya, bila kugusa chochote. Mara ya kwanza nilipopima kanuni mpya, ripoti ilionyesha mamia ya tepu za mfumo wa majaribio zinakwenda kuachiwa. Mkono ulinitetemeka. Mfumo wa majaribio una katalogi yake, na usafi ulikuwa unaendeshwa upande wa uzalishaji, yaani wa kazi halisi, ambao hauioni katalogi hiyo. Kwa macho yake, dataseti zote za majaribio hazimo kwenye katalogi, kwa hiyo WHILECATALOG haizilindi. Ningekimbiza bila VERIFY, wasanidi wa programu wangeamka asubuhi hawana kitu. Tulirekebisha mipangilio ili kila upande uamuliwe kwa katalogi yake, tukapima tena, na tena.

Jambo jingine dogo lakini zito ni CATRETPD, muda ambao dataseti mpya isiyo kwenye katalogi inavumiliwa kabla ya kuhesabiwa kuwa haina mwenyewe. Kwetu ilikuwa saa 12. Jobu ikianguka Ijumaa jioni kabla ya kuandikisha faili lake, Jumamosi tepu ilikuwa tayari imeanza kuachiwa, na mtu wa kuirekebisha anaingia Jumatatu. Tuliipandisha hadi saa 96.

Kilichobaki kilikuwa cha watu, na kilikula muda kuliko vyote. Kila kundi la vizazi lilihitaji mtu wa kusema "hiki ni changu, kifutwe" au "kibaki". Nilizunguka ghorofa hadi ghorofa na orodha iliyochapwa, kwa sababu barua pepe hazikujibiwa. Uhasibu walinipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama anayesimamia kodi alivaa miwani, akapita mstari kwa mstari na kalamu nyekundu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, akaniambia, na kwa mafaili ambayo yana shauri linaloendelea usiguse hata kama miaka imepita. Kalamu yake iliokoa makundi saba ambayo mimi nilishayaweka upande wa kufutwa. Kwa hayo tuliandika kanuni ya siku badala ya kutegemea katalogi, ili yasibaki kwa bahati na yasiondoke kwa bahati.

Tuliachia tepu kidogo kidogo, mia moja kwa wiki, Jumanne tu, siku ambayo sote tuko ofisini. Kwa mpangilio wetu tepu haiwi skrachi kwa pigo moja. Kwanza inawekwa kuwa inasubiri kuachiwa, na usafi wa usiku unaofuata ndio unaimalizia. Siku ile moja katikati ilitusaidia mara mbili, mtu alipokuja mbio kusema bado anaihitaji. Tepu zilizokuwa kwenye ghala la Ubungo zilirudi kwa pikapu, na Mzee alizipokea moja moja, akiangalia kama unyevu umezigusa kabla hajaziingiza rafuni.

Juni iliyofuata nililala ofisini usiku wa kufunga mwaka, kwa woga tu. Jobu zilipita, na saa kumi na moja alfajiri nilihesabu skrachi 412 zilizobaki. Mzee alininunulia chai na chapati mbili kwa mama lishe wa nje.

Kwenye orodha yangu bado kuna makundi manne ambayo safu ya mwenyewe iko wazi. Yamo kwenye tepu kumi na tisa. Sijayagusa, wiki ijayo naanza ghorofa ya tano.