Video inakatakata kwenye Linux? Usikimbilie kuongeza RAM

Hili swali naulizwa sana: kaka nimeweka Linux Mint, laptop inaenda fresh kabisa ila nikifungua YouTube video inakatakata, shida nini? Ukimuuliza mashine gani anakwambia ThinkPad T440 au Latitude za miaka hiyo, zile used tunazochukua Kariakoo, na fundi keshamwambia anunue RAM. Acha hela yako kwanza.

Anza kusikiliza sauti. Kama na sauti inasimama halafu lile duara linazunguka, huo ni mtandao, malizana na bando lako. Ila kama sauti inaenda bila shida halafu picha ndo inarukaruka, na feni inavuma kama pikipiki inapanda mlima, basi data imefika salama, tatizo ni nani anaifungua.

Iko hivi, video inakuja imebanwa, na ndani ya GPU (chipu ya picha) kuna kasehemu kazi yake ni kuifungua tu, ila kanajua zile kodeki, yani mbinu za kubana video, kalizotoka nazo kiwandani, basi. Prosesa za Intel kizazi cha 4, yani Haswell, ndo zilizomo kwenye hizo T440, zilitoka 2013, mwaka huohuo Google walipotoa kodeki ya VP9, kwa hiyo kodeki ya zamani ya H.264 wanaifungua kiulaini ila VP9 haimo, AV1 ya 2018 ndo usiseme. Na YouTube kwenye brauza za sasa inapenda kukuletea hizo mpya kwa sababu zinakula data kidogo. Mzigo wote unamwangukia prosesa, na prosesa ya core mbili ukiipa 1080p ya fremu 60 kwa sekunde lazima ihemee juu juu.

Usiniamini mimi, bonyeza kulia juu ya video uchague Stats for nerds. Kwenye mstari wa Codecs ukiona vp09 au av01 ndo hiyo stori, avc1 ndo H.264. Angalia na ile namba ya dropped, kama inapanda huku unaitazama, hizo ni fremu zinazotupwa.

Sasa tuone GPU yako inafungua kodeki zipi, ingia terminali:

sudo apt install vainfo i965-va-driver

Halafu andika vainfo. Inatoka orodha, tafuta mistari yenye VAEntrypointVLD, hizo ndo kodeki ambazo GPU inaweza kukufungulia. Kama mashine yako ni kizazi cha 5 kwenda juu draiva ya kuweka ni intel-media-va-driver. Ikileta error badala ya orodha basi draiva ndo haipo na hapo hata H.264 inafunguliwa na prosesa, watu wengi wamekwama hapa bila kujua.

Orodha ikikaa sawa weka ekstensheni ya brauza inaitwa enhanced-h264ify, zima VP9 na AV1, na fremu 60 pia zima kama mashine imechoka, refresh ukurasa. Codecs inakuwa avc1. Firefox kuanzia toleo la 115 inatumia GPU za Intel yenyewe bila kuchokonoa settings. Ukitaka uhakika weka intel-gpu-tools, washa sudo intel_gpu_top, ule mstari wa Video ukiwa na asilimia ujue kazi imehamia kwa mwenyewe, GPU.

Gharama yake ipo, H.264 inakula bando zaidi kwa ubora uleule, na YouTube kwa H.264 wanaishia 1080p. Lakini vioo vya mashine hizi vingi ni 1366 kwa 768, 4K ya nini jamani.

Video za harusi mnazotumiana kutoka kwenye iPhone ni kesi nyingine, nyingi ni za kodeki ya HEVC, na Haswell nayo haina, ekstensheni haisaidii kitu. Hizo mimi nazigeuza usiku nikiwa nimelala:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 23 -pix_fmt yuv420p -c:a copy harusi.mp4

Hiyo yuv420p usiisahau, video za HDR (zile za rangi kali) zikibaki na biti 10 za rangi GPU itazikataa hata zikiwa H.264.