Siku ya promotora, Bonde la Yakima, msimu wa cheri

Saa 11 alfajiri. Wachumaji wako juu ya ngazi tayari, maana cheri huchumwa kabla jua halijazilainisha. Promotora, yaani mhudumu wa afya ya jamii anayetoka miongoni mwa wanawake wa Kilatino anaowahudumia katika jimbo la Washington, Marekani, haendi shambani saa hizi. Anayelipwa kwa ndoo hawezi kushuka kusikiliza. Tangazo la kikao cha mchana, kuhusu kupima saratani ya mlango wa kizazi, hupelekwa redioni, KDNA ya Granger, inayosikika kwa Kihispania bondeni tangu 1979.

Saa 2 asubuhi. Orodha ya majibu ya vipimo. Wa kwanza kupigiwa simu ni aliyekutwa na HPV, kirusi kinachoambukizwa kwa kujamiiana, aina ya 16 au 18, kwa kuwa hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Huyo anahitaji kolposkopia, yaani kuangaliwa mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza. Asipoonekana kwenye kompyuta, mtafute kwa tarehe ya kuzaliwa: wengi wana majina mawili ya ukoo, na García López huandikwa García maabara na López mapokezi, jibu likabaki halina mwenyewe. Chukua namba mbili za simu, ya pili iwe ya dada au comadre (mama wa ubatizo wa mtoto wake) asiyehama. Cheri zikiisha, familia hufuata mazao mengine na laini ya zamani hukatika.

Saa 4. Kliniki: kuna nafasi ya jioni? Mpimaji ni mwanamke? Asiye na bima aulizwe kipato, aingizwe kwenye mpango wa taifa wa kugundua mapema saratani ya matiti na mlango wa kizazi, ulioanzishwa kwa sheria ya 1990. Hakikisheni mapema biopsi, yaani kukatwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, italipiwa na nani. Bili ya ghafla humfukuza mmoja, na majirani zake wakasikia.

Saa 8 mchana. Kikao, jikoni kwa mmoja wao, wakishaoga na kula. Maharage mezani, kadi za lotería, mchezo wa Kimeksiko unaofanana na bingo, zenye picha za mfuko wa uzazi, chanjo, kliniki. Mazungumzo ya namna hii yana ushahidi: katika jaribio la utafiti liitwalo AMIGAS, lililofanyika Yakima, na El Paso na Houston za Texas, na kuchapishwa 2013, karibu nusu ya waliopata kikao kamili walikwenda kupimwa. Kwa wasiokipata ilikuwa robo.

Usiulize "Doña (mama), umeshapimwa?" Wengi hujibu ndiyo kwa sababu walichunguzwa walipojifungua. Uliza lini, wapi, na jibu lilikuwa nini. Miaka 21 hadi 29, Papanicolaou (kipimo cha seli za mlango wa kizazi) kila miaka 3; kuanzia 30 hadi 65, hiyo hiyo kila miaka 3 au kipimo cha HPV kila miaka 5. Saa 48 kabla ya Papanicolaou, asijisafishe ndani, asitumie dawa ya ukeni, asijamiiane.

Aibu ya kuvuliwa nguo ni halisi, msiibeze. Tangu Mei 2024 Marekani imeruhusu mwanamke ajichukulie sampuli ya HPV akiwa kliniki, faraghani, kwa kijiti laini anachokizungusha ukeni. Ila aambiwe kabla: HPV ikionekana, atachunguzwa na mtaalamu. Asiyeambiwa hujiona amedanganywa, na harudi.

Na kuna swali ambalo wengi huogopa kulitamka: nani kamletea mwenzake? Jibu la HPV limeleta ugomvi nyumba nyingi bure. Kirusi hukaa kimya miaka mingi, kwa hiyo kipimo hakisemi kiliingia lini wala kwa nani. Lisemeni hili waziwazi, na waume wakiwepo ni bora zaidi.

Kwa mama wa Oaxaca, Meksiko, anayezungumza Kimixteko, lugha ya wenyeji wa huko, ombeni mkalimani kwa simu. Mtoto asitafsiri habari za uzazi wa mama yake.

Saa 11 jioni. Chanjo ya HPV, wavulana kwa wasichana. Kawaida ni miaka 11 au 12, inaweza kuanza 9. Akianza kabla ya 15, dozi mbili zipishane miezi 6 hadi 12, akichelewa, tatu. Walio chini ya miaka 19 wasio na bima hulipiwa chanjo na serikali. Mama apige picha kadi ya chanjo, dozi ya pili huenda ikamkuta jimbo jingine.

Saa 1 usiku. Kumbukumbu. Andika tarehe mwanamke alipoambiwa jibu lake. Ile ya maabara kulitoa haitoshi. Pasipo na tarehe ya kuambiwa, jina linarudi juu ya orodha.