Hori la mauzo

Wateja wangu wengi hawajui jina langu. Huniita dada wa steshenari, basi. Nina kibanda Nkuhungu, hapa Dodoma: kompyuta moja, printa inayokohoa, na mashine ya fotokopi ninayoipangusa vumbi mara tatu kwa siku (upepo wetu mnaujua).

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea barua ya kuomba kazi, ameiandika kwa mkono. Meneja mauzo. Nikaichapa, nikatafuta mstari mwekundu wa makosa, sikuuona, nikampa nakala yake. Wiki mbili baadaye akarudi amenuna. Kwenye usaili, mmoja wa waliomhoji alimuuliza anatarajia kulisha ng'ombe wangapi. Nilikuwa nimeruka herufi moja: badala ya "manager" nimechapa "manger". Kompyuta ilinyamaza kwa sababu "manger" nalo ni neno halali kabisa. Ni hori, lile la kulishia ng'ombe, alimolazwa mtoto Yesu. Mtoto wa watu kaomba kazi ya kuwa hori la mauzo! Alitaka buku lake. Nikamrudishia, na soda juu.

Kilichoniuma ni kwamba kidato cha nne nilimaliza. Lakini mnajua ilivyokuwa kwetu tuliosoma shule za kawaida. Hadi darasa la saba unasoma kwa Kiswahili, ukiingia kidato cha kwanza unakuta hesabu, biolojia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza. Mwalimu anaandika ubaoni, sisi tunanakili kama watu wanaochora maua. Mwandiko wangu ulisifiwa darasa zima. Maana ya nilichoandika, niulize mwingine.

Nikanunua kamusi, nikajipangia maneno kumi kila siku kuanzia A. Siku ya kwanza tu nikakutana na "abbey", makao ya watawa. Nani Nkuhungu atanichapisha barua ya abbey? Nilikomaa siku ishirini, nikajipima, na kati ya maneno mia mbili nilikuwa nayo kama ishirini na tano. Karibu yote yalikuwa yale niliyokwisha kuyaona kwenye karatasi za wateja: "applicant", "attach", "available". Kamusi ikawa ya kukandamizia karatasi zisipeperuke.

Dawa niliipata kwa umbeya. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliniletea kazi yake niifunge, nikaichungulia (ndiyo, huwa nachungulia). Humo nikakutana na Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye mwaka 1885 alitoa kitabu kuhusu namna alivyojikaririsha silabi zisizo na maana yoyote, kisha akawa anajipima amesahau kiasi gani. Akaona mtu husahau kwa kasi sana saa za mwanzo, halafu kasi inapungua. Kuna na mwingine, Sebastian Leitner, mwandishi wa habari, aliyeeleza mwaka 1972 jinsi ya kupanga kadi kwenye visanduku: ukilijua neno, kadi inasogea mbele, ukilikosa, inarudi sanduku la kwanza.

Visanduku ninavyo, si nauza karatasi? Maboksi manne ya rimu, na kadi nakata kwenye mabaki ya manila. La kwanza nalipitia kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki, la nne mwisho wa mwezi. Neno ni moja tu kwa siku, na sharti liingie kibandani kwa miguu yake, yaani liletwe na mteja. Nyuma ya kadi naandika maana na mteja aliyelileta.

Kadi ya "uncle", kwa mfano, ina baba mmoja aliyekuwa akijaza fomu ya mwanawe na kuniamuru niandike "small father". Nikamwambia baba mdogo ni "uncle". Na mjomba? "Uncle". Na mume wa shangazi? "Uncle". Akaniangalia kama ninamwibia. Kadi ya "lend" ina mama wa kikoba aliyeandika "borrow me". Sikumcheka. Sisi mwenye shida anakopa, mwenye nazo anakopesha, neno ni lile lile limeongezewa mkia. Wao wana maneno mawili ambayo hata hayafanani.

Halafu kuna jirani yangu anayeuza zabibu. Aliomba nimwandikie bango la Kiingereza. Nikamuuliza: mbichi au zilizokaushwa? Mbichi ni "grape", zilizokaushwa ni "raisin", na vile vidogo vyeusi vilivyokauka huitwa "currant", jina lililotokana na mji wa Korintho. Akashangaa. Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na neno letu ni moja, iwe mtini au kwenye pakiti. "Basi andika la mbichi," akasema, "hizo za Wakorintho waandikiwe wenyewe."

Jumanne kijana wa hori alirudi. Safari hii hakuja kuchapa, alitaka nimsomee barua aliyopata kwenye simu, mahali pengine alikoomba. Ilianza, "We regret to inform you". "Inform" nilikuwa nalo, liko boksi la nne. "Regret" sikuwa nalo. Nikainua kamusi kutoka juu ya karatasi, nikatafuta, nikakuta kujuta. Nikamwambia wanajuta kukujulisha kwamba hujapata.

Akakaa kimya kidogo. "Sasa dada, kama wanajuta, si wanipe tu?"

Nikarudi kwenye kamusi, nikaona na kusikitika pia wameweka. Nikamwambia basi wanasikitika. Akasema hiyo ndiyo afadhali, akaniachia shilingi mia tano ambayo sikuwa nimemdai. Kadi ya "regret" bado iko boksi la kwanza. Nimeiandika maana zote mbili, na kila asubuhi nikiigeuza nakosea ya kuanza nayo.