Nilivyojifunza kutoyaamini macho yangu wakati wa kutoa alama

Fomu za kwanza za tathmini nilizopewa nizijaze nilizimaliza kabla kalamu haijapata moto. Watu 11, kila mmoja vipengele 8: ubora wa kazi, kasi, ushirikiano, utunzaji wa kumbukumbu na vingine vya ukoo huo. Nilipita navyo kama mtu anayegonga muhuri. Kiongozi wa timu jirani, ambaye alikuwa bado anahangaika na mtu wake wa tatu, akaniuliza nimewezaje. Nikamjibu kwa sauti ya bwana mkubwa: "Watu wangu nawajua."

Sikuwa nawajua. Nilikuwa nawaona tu, na hata huko kuwaona kulikuwa na walakini.

Kazi yetu ilikuwa kupokea malalamiko ya wateja, kuyafuatilia hadi yapate jibu, kisha kufunga jalada. Alikuwepo kijana nitakayemwita Mchangamfu. Anawahi, shati limenyooka, anakusalimia kwa bashasha, na kwenye kikao cha asubuhi anajibu swali kabla halijaisha kuulizwa. Na alikuwepo mwingine, nimwite Mkimya, meza yake iko nyuma ya kabati la majalada. Kila nikipita namkuta ameegemea kiti, simu sikioni, macho yako darini. Mchangamfu nilimpa 5 juu ya 5 kila mahali, hata kwenye utunzaji wa kumbukumbu, kitu ambacho sikuwahi kukikagua hata siku moja. Mkimya nikampa 2 mfululizo, na 3 moja ya huruma.

Alipokuja kusaini, Mkimya aliisoma karatasi taratibu, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maelezo, akaona nyeupe. Akaniuliza bila hasira yoyote: "Mkuu, hii 2 ya utunzaji wa kumbukumbu, uliangalia jalada lipi?"

Nikasema, "Kwa ujumla."

Hadi leo nikisikia mtu anasema "kwa ujumla" ofisini, nahisi joto shingoni.

Kwa kuwa nilikuwa nimeudhika (aliyekosea huwa wa kwanza kununa), nilimwomba dada wa masjala anitolee majalada machache ya kila mmoja wao. Sitajitia usafi: nilikuwa natafuta ushahidi wa kumnyamazisha Mkimya. Nikafungua lake la kwanza. Kila simu ina tarehe, saa, nani kaongea naye, kaahidiwa nini, na siku ya kumkumbusha. Nikafungua la Mchangamfu. Mstari mmoja: "Nimeongea na mteja, ameelewa." Huyo aliyeelewa alikuwa amepiga tena mara 3, na mara zote 3 aliyepokea ni Mkimya. Yaani ile simu sikioni iliyokuwa ikinikera ilikuwa ya kufagia alikopita mwenzake. Na mimi nilikuwa nampitia saa ileile kila siku, saa 10 jioni, nikienda kusaini barua. Saa hizo ndizo wateja waliokasirika hupigiwa simu. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona mtu katika dakika moja ileile, nikadhani nimeuona mwaka.

Wahenga walishasema, akipenda chongo huita kengeza. Walichosahau kusema ni kwamba usipompenda, hata kengeza utaliita chongo.

Sasa ushauri. Jamani, ushauri nilioupata! Mzee aliyenitangulia kwenye kiti kile akaniambia nifuate moyo wangu, moyo haudanganyi. Mzee, ndio huohuo ulionifikisha hapa. Mwingine, mkubwa kidogo, akaniambia "kuwa mwadilifu tu", kana kwamba siku ile niliamka nimekusudia dhuluma. Halafu tukapelekwa mafunzo ya nusu siku kuhusu jinsi akili inavyoona. Mkufunzi akatuonyesha ile mistari miwili ya Mjerumani Müller-Lyer ya mwaka 1889: yote ina urefu mmoja, ila mmoja una mishale inayofungukia nje na mwingine inayojikunja ndani, na wa kwanza unaonekana mrefu zaidi. Watu wakacheka, wakapiga picha. Mkufunzi akafunga kazi: "Sasa mmeshajua, mtakuwa makini."

Mimi nilibaki na karatasi. Nikachukua rula, nikapima, sawasawa. Nikaweka rula chini, nikatazama tena. Mstari bado mrefu. Nikapima mara ya pili kama mtu asiyeamini salio lake. Sawasawa tena, na jicho bado linakataa. Hapo ndipo nilipong'amua jambo ambalo mkufunzi alilipita kama basi lisilo na kituo: kujua hakulirekebishi jicho. Ikiwa mstari wa wino haufupiki kwa sababu nimejua, kwa nini Mchangamfu apungue kung'aa kwa sababu nimehudhuria semina?

Basi nikaanza kusoma mwenyewe usiku. Nikakuta ugonjwa wangu ulishaandikwa zamani. Mwanasaikolojia Edward Thorndike, mwaka 1920, aliangalia alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari walio chini yao: mwili, akili, uongozi, tabia. Alama zilifuatana mno kuliko inavyoingia akilini. Aliyeonekana shababi akawa pia mwerevu, kiongozi, na mtu mwema. Maofisa hawakuwa wakipima vitu vinne, walikuwa wanampima mtu mara moja kisha wanainakili alama. Zile 5 zangu kumi kasoro mbili za Mchangamfu, hizo hapo.

Lakini kilichonikaa zaidi ni mchezo wa karatasi unaoweza kuufanya sasa hivi. Chora msalaba kushoto na nukta kulia, umbali wa kama sentimita 8. Funika jicho la kushoto, kodolea msalaba kwa jicho la kulia, isogeze karatasi taratibu. Ikifika kama sentimita 30 hivi kutoka usoni, nukta inatoweka. Pale ndipo mshipa wa jicho unapotokea kwenda kwenye ubongo, na mahali hapo jicho halioni kabisa. Kilichonishtua si nukta kutoweka. Kilichonishtua ni kwamba hukuti shimo. Unaona karatasi nyeupe, safi, kamili. Ubongo umechukua rangi ya jirani ukapaka. Nikakumbuka ile 5 ya utunzaji wa kumbukumbu. Sikuwa nimeona kitu, na sikuhisi kwamba sijaona kitu. Nilipaka rangi ya jirani.

Mpango wangu wa kwanza, nilioubuni kwa majigambo, ulikuwa kuficha majina. Nilisikia kwamba okestra kubwa za Marekani zilianza kuweka pazia kati ya mpiga ala na wanaomsaili, wasikie tu muziki. Nikasema na mimi nitaweka pazia. Nikamwomba dada wa masjala anakili taarifa za mwezi za kila mtu, abandike karatasi juu ya majina, aandike namba tu. Alitumia gundi ya ofisi karibu yote. Nikajifungia, nikakaa kama hakimu.

Namba 4 nikaifungua: herufi kubwa mwanzo hadi mwisho. Nikajua ni nani kabla ya mstari wa pili, hata watu wa idara ya pili walimsikia akiandika. Namba 7 ilikuwa na alama za mshangao tatutatu. Nikajua. Namba 9 ikaanza na "Natumai barua hii itakukuta salama", na kwenye timu yetu ni mama mmoja tu anayemwandikia bosi wa chumba cha jirani salamu za namna hiyo. Pazia langu lilikuwa na matundu kuliko chujio. Ila namba 2! Namba 2 ilikuwa imepangika, ina mtiririko, imejaa kujiamini. Nikatabasamu, huyu ni Mchangamfu. Nikampa 5, nikaandika pembeni "kazi yake hujitambulisha yenyewe". Jioni tukafungua majina, dada wa masjala akiwa amesimama mlangoni anangoja kwa hamu. Namba 2 alikuwa Mkimya. Dada akanisomea maandishi yangu ya pembeni kwa sauti, neno kwa neno, akaondoka bila kuongeza kitu.

Kwa hiyo pazia halikufaulu, au lilifaulu kwa njia ya kunivua nguo.

Kilichokuja kufaa ni kitu kidogo hadi naona aibu kukieleza. Badala ya kumchukua mtu mmoja na kumjazia vipengele vyote 8, nachukua kipengele kimoja na kukipitia kwa watu wote 11. Utunzaji wa kumbukumbu siku hiyo ni utunzaji wa kumbukumbu tu: majalada 5 ya kila mtu, yaliyochomolewa na mtu wa masjala na si mimi, yako mezani, napima. Kisha nafunga, nafunika alama kwa karatasi, kesho kipengele kingine, nikianzia upande wa pili wa orodha. Ukifanya hivyo, alama ya kwanza haipati nafasi ya kuivuta ya pili kwa mkono. Na hilo la kubadili mwanzo si mapambo. Mwanasaikolojia Solomon Asch, mwaka 1946, aliwasomea watu sifa za mtu mmoja: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Wengine wakasomewa zilezile kuanzia mwisho. Waliotangulia kusikia "mwerevu" walipata picha ya mtu anayefaa mwenye kasoro zake, walioanzia kwenye wivu walipata picha mbaya zaidi. Maneno hayakubadilika hata moja.

Daftari nalo. Nilinunua daftari la kawaida na nikajiwekea sharti kwamba siandiki sifa, naandika tukio. Haruhusiwi mtu kuitwa "mzembe" humo. Inaandikwa: Jumanne, kafika saa 3 kasoro, kikao kilikuwa saa 2 na nusu. Ukurasa wa kwanza tu nikagundua kioja. Nikichelewa mimi, kuna sababu: mtoto, usafiri, mvua. Akichelewa mwingine, ndiyo tabia yake. Nyani haoni kundule. Hiyo kasoro ya kuhukumu tabia ya mwenzako na kusahau mazingira yake, mwanasaikolojia Lee Ross aliipa jina la kitaalamu mwaka 1977, lakini nyani wetu alishafika. Tangu hapo nikiandika kuchelewa kwa mtu namuuliza sababu na naiandika pembeni, hata kama siiamini.

Na saa ya kupita nikaibadilisha. Leo saa 4, kesho saa 8, siku nyingine nakaa kwenye kiti cha mgeni nyuma ya kabati kwa nusu saa nikijifanya natafuta jalada. Usipuuze hili kwa sababu ni rahisi.

Nilijikwaa tena, nakiri. Nilipoanza kuhesabu majalada yaliyofungwa nilinogewa, nikawa sihesabu kingine. Mama yule wa salamu akashuka hadi mkiani, nikamwita. Akanitazama kwa upole: "Mwanangu, hawa wageni wawili waliokuja, unadhani nani anawafundisha?" Meza zao zilikuwa zimebandikwa na yake miezi miwili, mbele ya macho yangu. Kuna jaribio la wanasaikolojia Simons na Chabris la mwaka 1999: watu wanahesabu pasi za mpira kwenye video, mtu aliyevaa ngozi ya sokwe anakatiza katikati, na karibu nusu yao hawamwoni. Nililisoma nikacheka watu hao. Sokwe wangu alikuwa na miwani na ananiita mwanangu.

Kitu kingine kwa wanaopenda kuita wakuu wa idara wakae wajadili "kwa mitazamo tofauti": angalieni. Watafiti Dearborn na Simon, mwaka 1958, waliwapa mameneja 23 kisa kimoja cha kampuni ya chuma, wakawauliza tatizo kubwa ni lipi. Watu wa mauzo walikuwa 6, na 5 kati yao wakataja mauzo. Kati ya 17 waliobaki, waliotaja mauzo ni 5. Karatasi ni ileile. Kwenye vikao vyetu sasa kila mtu anaandika maoni yake kwanza, kimya, kabla mdomo wa kwanza haujafunguka. Hapo Mchangamfu huteseka sana, maskini, ila ameanza kuandika vizuri.

Tathmini ya mwisho ilinila siku tatu, labda nne. Kiongozi wa timu jirani alipita akanikuta na majalada hadi sakafuni, akaniuliza kama siwajui tena watu wangu.

Mkimya alipokuja kusaini, alifanya vilevile: akasoma, akageuza karatasi. Safari hii nyuma kulikuwa na maelezo, namba za majalada niliyoyatumia, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimesimama nangoja, nimejaa fahari kama mwenye harusi. Akapitisha kidole kwenye orodha, akasimama kwenye moja, lile zuri kuliko yote, ambalo mtu wa masjala alilichanganya na mimi sikuona haja hata ya kusoma jina.

"Mkuu," akasema, "hili si langu. Hili ni la Mchangamfu."