Nilivyoiacha ndosi kwa shifu wa bajiquan

Kwetu Tanga mtoto mfupi hana silaha nyingi. Ngumi zake hazifiki. Mimi nilikuwa na ndosi. Mkubwa akinikwida, badala ya kujinasua namvuta kwangu, nampa kichwa cha pua, halafu natimua mbio kabla hajajua kilichomkuta. Ilinisaidia mara mbili tatu, na sifa ikanifuata hadi sekondari. Kwa hiyo nilipokwenda Tianjin, China, kusoma uhandisi, nikakuta watu wanafanya bajiquan bustanini alfajiri, nilijiona nimeshavuka darasa la kwanza kabla sijaandikishwa.

Bajiquan ni mapigano ya karibu, kifua kwa kifua. Chimbuko lake ni Mengcun, mkoa wa Hebei, kusini ya Tianjin, kwa Wahui, Wachina Waislamu. Shifu wetu, yaani mwalimu, naye ni Mhui. Siku ya kwanza nilimtolea salamu ya Kiislamu, akaitikia huku anacheka, akaniambia wao salamu hiyo huiita "sailiangmu". Baada ya mazoezi akanipeleka kula tambi za nyama ya kondoo kwenye mgahawa ulioandikwa qingzhen, yaani chakula halali. Kwa mtu aliyekuwa ameishi wiki tatu kwa mayai na wali, hapo nilishafungwa.

Kilichonipotosha ni lugha. Katika bajiquan wanahesabu viungo vinane vya kupigia: kichwa, bega, kiwiko, mkono, nyonga, goti, mguu na mkia, maana yake makalio. Kichwa kinatajwa cha kwanza! Tena katika misingi yao sita, wa kwanza unaitwa ding. Kamusi yangu ya simu ilinipa maana mbili za neno hilo: utosi, na kupiga kwa pembe kama ng'ombe. Nikasema basi, nimefika nyumbani. Hata mieleka yao ya kale iliitwa jiaodi, kugongana pembe, na hadithi za huko kaskazini husimulia watu waliovaa pembe vichwani wakikumbana kumuigiza Chi You, yule shujaa wa visasili vyao.

Miezi mitano nikasubiri kufundishwa kichwa. Shifu akanifundisha kiwiko. Pigo maarufu la ding kwao ni kiwiko kinachoingia kifuani, na utosi kazi yake ni kusukuma juu tu, kana kwamba umebeba ndoo ya maji, ili shingo inyooke na mgongo ushike nguvu ya miguu. Mimi nikadhani ananificha siri. Nikamuuliza kuhusu "kichwa cha chuma", lile zoezi la Shaolin ambapo mtu hufunga kichwa tabaka nyingi za kitambaa, anagonga ukuta polepole, na kila baada ya muda anapunguza tabaka. Akanigonga utosini kwa kidole, akauliza: "Ukizoea ukuta, na kilichomo humu ndani nacho kitazoea?"

Sikumwelewa mpaka ile Jumamosi. Tulikuwa tunasukumana wawili wawili, mimi na shixiong, kaka yetu mkubwa wa mazoezi. Alinibana mikono yote miwili. Damu ya Tanga ikanichemka, nikarusha kichwa. Yeye hakukwepa wala hakurudi nyuma. Aliinamisha kidevu tu, kama mtu anayetazama kifungo cha shati. Nililenga pua, nikakutana na paji la uso, tena kwa upande, juu ya jicho langu la kushoto. Yeye alipata uvimbe mdogo. Mimi nilikaa chini bila kukusudia, damu machoni, nikauliza leo ni siku gani. Wananiambia niliuliza mara nne.

Hospitali walinishona, wakapiga picha ya CT, ikatoka safi. Nikafurahi bure. Daktari akaniandikia neno naozhendang, na maana yake ndiyo ile ile ya kwetu: mtikisiko wa ubongo. Akaeleza kwamba picha hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, mtikisiko wenyewe hauonekani. Fuvu limesimama ghafla, ubongo ndani ya maji yake umeendelea na safari. Na ukimgonga mtu, nguvu ile ile inakurudia. Kupona kunategemea nani ametoa mfupa mnene na nani ametoa mwembamba. Ubavuni mwa kichwa, karibu na sikio, mfupa ni mwembamba na chini yake unapita mshipa wa damu. Nilikuwa nimekosea kwa vidole viwili hivi. Shixiong naye angefungua mdomo, meno yake yangenichana, na kidonda cha jino la mtu huoza haraka.

Mwenzangu wa bweni alipewa orodha ya kunichunga: nikitapika tena na tena, nikidegedega, mboni zikitofautiana ukubwa, usingizi ukizidi kiasi cha kutoamshika, turudi usiku huo huo. Siku mbili nililala gizani. Wiki iliyofuata nikisoma dakika kumi maandishi yanaanza kuelea. Kilichonitisha zaidi ni onyo la kupigwa tena kabla ya kupona, kwa sababu pigo la pili, hata dogo, linaweza kuua. Nilirudi kwa hatua: kutembea, kukimbia, kufanya mitindo peke yangu, na kugusana na mtu baada tu ya daktari kukubali. Wiki tano zilipita.

Niliporudi ndipo shifu akanifundisha kichwa, na somo lenyewe lilichukua dakika ishirini. Unaweka kidevu chini, meno yameumana, shingo imekaza. Unaingia mpaka paji la uso, pale nywele zinapoanzia, ligusane na mtulinga au kifua cha mwenzako. Ukishagusa ndipo unasukuma kwa miguu. Kati ya kichwa na mtu pasiwe na nafasi ya kurusha. Mwili wake unapinda, mikono yako imebaki huru, na kiwiko kinapata mlango. Ni mkono wa tatu, basi. Kupiga kwa kichwa kumekatazwa katika mashindano ya sanda pia, yale mapigano ya Kichina ya ngumi na mateke, lakini mtu aliyezoea kukiweka kichwa mahali pake unamtambua kwa namna anavyosimama.

Nilikaa Tianjin miaka mingine miwili na sikurusha kichwa tena. Shixiong hakuwahi kuniamini. Kila nikimkaribia, hata kumpokonya chupa ya maji, anainamisha kidevu kwanza.