Siku Moja Maishani Mwangu: Mikanda 24 Mgongoni

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kusafiri na kupiga picha, huniuliza nimeshafika nchi ngapi. Hakuna anayeniuliza nalala saa ngapi. Wakiambiwa zaidi ya hapo kwamba picha zenyewe napiga kwa filamu, tena kwa kamera ya umbizo la kati, yaani ya filamu pana kuliko ile ya kawaida, iliyotengenezwa kabla baadhi yao hawajazaliwa, hunitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayesafiri kwa punda huku barabara ina mabasi. Ndiyo maana nimeamua kuieleza siku moja kama ilivyokuwa, nayo ni siku ya sita na ya mwisho ya safari iliyopita.

Saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshaamka, nikikagua begi gizani kwa kupapasa. Kamera yangu ni Hasselblad 500C/M, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1970. Haina betri wala skrini ya kuonyeshea picha zilizopigwa. Ndani yake kuna springi na meno ya chuma tu, na ikiwa na lenzi yake ya milimita 80 pamoja na kasha la filamu mgongoni, ina uzito wa kama kilo moja na nusu. Ongeza makasha mawili ya akiba, kipima mwanga, stendi ya miguu mitatu na mikanda ya filamu yenyewe, ndipo utakapoelewa kwa nini bega langu la kushoto limeteremka kuliko la kulia.

Saa kumi na moja nilikuwa ukingoni mwa ziwa, nikingoja. Kasha la kwanza lilikuwa na filamu ya slaidi ya ISO 50 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), ambayo rangi zake ni nzuri mno lakini haisamehe: ukikosea kipimo kwa nusu hatua tu, kosa linaonekana. Kipima mwanga kilisema sekunde 8. Hata hivyo, filamu ikiachwa wazi muda mrefu katika mwanga hafifu hupungukiwa na wepesi wa kuupokea, kwa hiyo nilitoa sekunde 12, nikiwa nimebana waya wa kufyatulia kwa kidole gumba na kuhesabu kwa sauti, kwa sababu shata ya lenzi hii, yaani kilango kinachopitisha mwanga, ukiiachia ijiendeshe yenyewe, haivuki sekunde moja. Kwa muda wa saa mbili nilipiga picha 5. Msafiri mmoja aliyesimama kando yangu na simu alipiga mamia, akaondoka kabla ukungu haujainuka, na ukungu ulipoinuka ndipo ziwa lilipoonekana.

Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri hakukuwa na la maana isipokuwa gari, vumbi, jua la utosini lisilofaa kwa picha yoyote, na daftari langu, ambamo huandika kipimo cha kila fremu niliyopiga.

Saa tisa na nusu nilimkuta mzee mmoja akishona nyavu kivulini mwa mashua yake, nami nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha, akakubali. Mkanda wa slaidi ulikuwa umekwisha, hivyo nililigeuzia jua mgongo na kubadilisha mkanda ndani ya kivuli changu mwenyewe. Filamu ya aina ya 120, iliyoanza kuuzwa mwaka 1901, haina kopo la kuikinga kama mikanda midogo. Kinga yake ni karatasi iliyoviringishwa pamoja nayo, basi. Ule uliokwisha unaulamba gundi ya kikaratasi chake na kuufunga kwa kukaza, maana ukilegea kidogo mwanga unapenya pembeni. Kisha unachomeka ulimi wa karatasi ya mkanda mpya, unazungusha mpaka mshale uliochapwa juu yake ulingane na alama ya kasha, unafunga, unazungusha tena mpaka itokee namba 1. Niliandika namba ya mkanda huo, 24, kwenye daftari. Ulikuwa mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe, ISO 400.

“Mwanangu, mbona unainama hivyo? Umepoteza kitu humo kisandukuni?”

Kamera hii huitazami kwa kuiweka jichoni. Unaishika kifuani na kuangalia chini kwenye kioo. Nilimsogelea mzee nikampa aangalie. Mjukuu wake alikuwa anapita kuelekea kulia, na kiooni akaonekana anakwenda kushoto, kwa kuwa taswira ya humo imegeuzwa. Mzee aliinua kichwa akamtazama mtoto, akarudi kiooni, akainua tena, akacheka mpaka akaweka sindano ya nyavu chini. Nilipiga picha 9. Kila unapofyatua, kioo cha ndani kinajikunja na kitazamio kinakuwa cheusi, na hakirudi mpaka uzungushe mkono wa kamera, kwa hiyo ile nukta yenyewe ya picha mpigaji haioni kamwe.

“Haya, nionyeshe.”

“Bado, mzee wangu. Mpaka zikasafishwe.”

“Kwa hiyo hata wewe hujaziona?”

Nilikiri kwamba hata mimi sikuwa nimeziona. Dereva alikuwa anapiga honi.

Baada ya hapo saa zinanichanganya. Najua tulifika uwanja wa ndege giza limeshaingia, na ndege ilikuwa ya saa tatu usiku. Katikati yake kuna foleni moja tu. Mkanda ambao haujasafishwa huathiriwa na eksirei kama unavyoathiriwa na mwanga. Mashine za zamani za ukaguzi zilikuwa na miale michache, na filamu ya kasi ndogo iliweza kupita mara moja mbili bila madhara, lakini hizi mpya za CT, zinazouchunguza mzigo kutoka pande zote, watengenezaji wa filamu, Kodak wakiwemo, wameonya kwamba hata mara moja zinaweza kuiharibu. Mizigo inayopelekwa tumboni mwa ndege nayo hupigwa miale mikali. Kwa hiyo mikanda yote huwa mkononi mwangu, imetolewa kwenye maboksi, imo katika mfuko unaoonyesha, nami huomba kwa adabu ikaguliwe kwa mkono.

“Weka kwenye mkanda, ndugu,” alisema ofisa kijana.

“Hii ndiyo mikanda, ndugu yangu. Haitakiwi kupita kwenye mkanda.”

Ni wazi nilianza vibaya. Alidhani namfanyia mzaha, na nilipomweleza nilitambua kwamba hajawahi kuona filamu maishani mwake, jambo ambalo si kosa lake. Akamwita mkubwa wake, naye akanionyesha kibandiko kilichosema kwamba mashine ni salama kwa filamu hadi ISO 800. Kibandiko kilikuwa kimechakaa kuliko mashine yenyewe; bila shaka kilitolewa kwenye mashine ya zamani kikabandikwa kwenye mpya. Nilisema hivyo, kwa maneno laini kuliko haya, na yeye akajibu kwamba basi ifunguliwe aone ndani kuna nini, akachukua mkanda namba 7 na kuanza kuukwangua gundi kwa ukucha.

“Subiri, mkuu!”

Foleni nzima iligeuka. Katika mfuko kulikuwa na mikanda 23 iliyokwisha kupigwa na miwili mipya, nami nikatoa mmoja kati ya ile mipya, nikaukunjua wote mbele yake chini ya taa: karatasi ndefu, halafu utando wa filamu unaojikunjakunja wenyewe kama ganda la mti. Aliugusa, akaunusa. “Ndiyo hii tu?” Ndiyo hii tu, mkuu. Zile 24 zilizobaki walizipangusa moja moja kwa kitambaa cha kupimia baruti, wakisubiri mashine ijibu kila mara, huku watu nyuma yangu wakiguna na mimi nikishindwa kuwalaumu, kwa kuwa ningekuwa wao ningeguna pia. Nilifika kwenye mlango wa ndege nikikimbia, viatu havijafungwa.

Nilipokaa nilihesabu. Ishirini na tatu iliyopigwa, mmoja mpya. Nikafungua daftari, nikahesabu tena, na namba 24 haikuwepo. Ilikuwa ndani ya kamera, na kamera nilikuwa nimeiweka mwenyewe kwenye mashine pamoja na mkoba na viatu, kwa mazoea, wakati mdomo wangu unawatetea wengine.

Niliivuta kamera kutoka chini ya kiti. Kidirisha cha kasha kilionyesha 9. Nikachomeka kibati cha kuzuia mwanga, nikalibandua kasha, nikalibandika utepe na kumwandikia atakayesafisha: 24, ISO 400, umepita mashineni mara moja.